Moshi Huu ni wa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa Marekani kwa shughuli za kitaaluma, wenyeji wangu walinipeleka Grand Canyon, lile korongo kubwa la Mto Colorado katika jimbo la Arizona. Tulifika ukingo wa kusini kabla jua halijapanda sana. Picha za mahali pale nilikuwa nimeziona tangu nikiwa mwanafunzi: miamba myekundu iliyopangana tabaka juu ya tabaka, kina cha zaidi ya kilomita moja na nusu, na ukingo wa kaskazini ukionekana waziwazi licha ya umbali wake. Siku ile haikuwa hivyo. Ukingo wa pili ulikuwapo, lakini rangi zake zilikuwa zimechujuka, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi mno.

Nilimwambia mhifadhi aliyekuwa zamu kwamba tumekosea siku, tumekuja wakati wa ukungu. Alinijibu kwa adabu kwamba ukungu ni maji, na hewa ya asubuhi ile ilikuwa kavu. Nilichokuwa nikikiona, alisema, ni chembe: salfa ya makaa ya mawe na mafuta, masizi ya mioto ya misitu, vumbi, na mabaki ya moshi wa magari ya miji iliyo mamia ya kilomita kutoka pale. Nikamuuliza, "Basi huu wa leo ni wa nani?" Akasema hawezi kujua kwa macho. Vichujio ndivyo vitakavyosema, na majibu yake huchukua muda.

Jibu lile halikunitoka. Sisi wazungumzaji wa Kiswahili hukiita "ukungu" karibu kila kinachofifisha upeo wa macho: mvuke wa alfajiri mabondeni, moshi wa mashamba yanayochomwa, hata vumbi la kiangazi. Mlima usipoonekana twasema umejifunika, kana kwamba ni hiari yake. Maneno haya yana uzuri wake, lakini yana hatari moja kwa mtu anayeshughulikia mambo ya umma: yanakifanya kitendo cha binadamu kionekane kuwa hali ya hewa. Na hali ya hewa haina mshtakiwa. Katika makala haya nitaliacha neno ukungu libaki la maji, na hili pazia la chembe nitaliita utusitusi.

Utusitusi hutokana hasa na chembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Zile za salfeti aghalabu ni ndogo zaidi ya hapo, na ukubwa wake unakaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga tunaouona. Ndiyo maana zinautawanya mwanga kwa nguvu sana. Mwanga unaotoka mwambani kuja jichoni hupotea njiani, na mahali pake huingia mwanga wa jua usiokuwa na habari yoyote ya mwamba ule. Unyevu ukiongezeka, chembe za salfeti hunyonya maji na kuvimba, na pazia huzidi kuwa zito. Kwa makadirio ya mamlaka za Marekani, katika hifadhi za magharibi mwa nchi hiyo mtu angeweza kuona umbali wa takriban kilomita 225 iwapo hewa ingekuwa katika hali yake ya asili. Uchafuzi uliupunguza umbali huo hadi kati ya kilomita 55 na 145. Na chembe hizohizo zikivutwa puani hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Anayedhani kwamba huu ni mjadala wa watalii na kamera zao akumbuke hilo.

Wahenga wetu walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Ni kweli, ila methali haikutuambia moto uko wapi. Dioksidi ya salfa inayotoka katika dohani haionekani kwa macho. Hugeuka kuwa chembe za salfeti polepole, kwa saa na hata siku kadhaa, huku upepo ukiisafirisha. Inapofika mahali na kuanza kuonekana, mwenyewe yuko mbali, na mpita njia anayeitazama dohani yake aweza kuapa kwamba ni safi.

Wamarekani hawakulitatua jambo hili kwa sayansi kwanza. Walianza na sheria. Mwaka 1977, Bunge lao lilipoirekebisha Sheria ya Hewa Safi, liliweka lengo la taifa la kuzuia na kuondoa uharibifu wowote wa uoni unaotokana na uchafuzi wa binadamu katika hifadhi kubwa za taifa na maeneo makubwa ya nyika. Maeneo yanayohusika ni 156, na Grand Canyon ni mojawapo. Nawaomba wanafunzi wangu wa utawala wa umma walitafakari jambo hili. Kabla ya mwaka huo, kuona mbali ilikuwa starehe. Baada yake, kuona mbali kukawa jambo ambalo dola lina wajibu wa kulilinda, na kwa hiyo mtu aliyelizuia aliweza kuulizwa. Hata hivyo kanuni za kwanza za utekelezaji, zilizotoka mwaka 1980, ziliweka sharti gumu: ili chanzo kiagizwe kujisafisha, utusitusi uwe unaweza kuhusishwa kwa hoja za kuridhisha na chanzo hicho au kikundi kidogo cha vyanzo. Lengo lilikuwa pana, ila mlango wa kulifikia ulikuwa ushahidi.

Ndipo ukaanzishwa, mwaka 1985, mtandao wa vituo vya kupima chembe katika hifadhi, unaojulikana kwa jina la IMPROVE. Kazi yake si ya kuvutia macho. Kila siku ya tatu, kwa saa 24, pampu huvuta hewa kupitia vichujio vya aina mbalimbali, kisha vichujio hupelekwa maabara. Kila chanzo huacha alama zake. Silikoni, alumini na chuma huonyesha udongo na vumbi. Potasiamu huashiria moshi wa kuni na nyasi. Seleni huandamana na makaa ya mawe, vanadi na nikeli huandamana na mafuta mazito, na aseniki hutajwa sana penye viwanda vya kuyeyushia shaba. Mtaalamu hupanga alama hizi, huzilinganisha na njia ambayo upepo ulipitia siku zilizotangulia, na taratibu orodha ya washukiwa hupungua.

Hupungua, lakini haimalizi shauri. Salfeti ya mtambo mmoja wa makaa ya mawe hufanana na salfeti ya mtambo mwingine. Mwenye mtambo daima aweza kusimama na kusema: huu si wangu, ni wa jirani. Kwa hiyo katika majira ya baridi ya mwaka 1987, mwezi Januari na Februari, watafiti walifanya jambo ambalo mimi huliona kuwa kiini cha kisa chote. Waliuendea mtambo wa umeme wa Navajo, karibu na mji wa Page, usiofika kilomita 30 kutoka mpaka wa hifadhi, wakaingiza katika moshi wake gesi ya methani ambayo haidrojeni yake ya kawaida ilikuwa imebadilishwa kwa haidrojeni nzito. Gesi ya namna hiyo ni adimu mno katika maumbile. Ikipatikana ukingoni mwa korongo, hakuna jirani wa kusingiziwa. Na ilipatikana. Kwa mara ya kwanza moshi ule ulisafiri ukiwa na jina lake.

Mtambo wenyewe una historia inayostahili kusimuliwa, maana hakuna mhusika ndani yake anayebaki na mikono mitupu ya lawama. Katika miaka ya 1960 serikali ilikusudia kujenga mabwawa ya umeme ndani ya Grand Canyon, ambayo umeme wake ungesaidia kusukuma maji ya Mto Colorado hadi miji ya Phoenix na Tucson. Wanaharakati wa mazingira, wakiongozwa na David Brower wa Sierra Club, walipigana na mpango huo mpaka ukaanguka. Lakini maji bado yalihitajika, na umeme wa kuyasukuma ukatafutwa kwingine: katika makaa ya mawe ya Black Mesa, ndani ya ardhi ya Wanavajo na Wahopi. Mtambo ulianza kazi mwaka 1974, ukafikia uwezo wa megawati 2,250, na dohani zake tatu zilikuwa na urefu wa mita 236 kila moja. Korongo liliokolewa lisijae maji, likaja kujaa salfeti.

Zaidi ya hayo, karibu robo ya mtambo ilikuwa ya serikali ya shirikisho, kupitia idara inayoshughulikia maji na mabwawa. Idara hiyo imo ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo, wizara ileile inayosimamia hifadhi za taifa. Mkono mmoja wa wizara ulikuwa ukilinda mandhari, na mkono wa pili ulikuwa na hisa katika dohani. Watumishi wa umma mnaosoma hapa hamhitaji maelezo zaidi. Sote tumewahi kukaa katika kikao ambacho anayelalamika na anayelalamikiwa wanapokea mshahara kutoka fungu moja.

Ripoti ya hifadhi za taifa ilipotoka, ilidai kwamba katika baadhi ya siku mbaya sehemu kubwa ya salfeti ya korongo ilitoka katika mtambo ule. Wamiliki walipinga hesabu. Shauri likapelekwa kwa kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti, ambayo ilitoa hukumu yake mwaka 1990, nayo ni hukumu ninayowasomesha wanafunzi kila mwaka kwa uaminifu wake. Kamati ilisema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, katika nyakati fulani mtambo ulichangia kwa kiasi kikubwa utusitusi wa korongo. Pili, takwimu zilizokusanywa hazikutosha kueleza mchango huo ni asilimia ngapi hasa.

Hapa ndipo siasa ya uchafuzi huishi, katika nafasi iliyopo kati ya sentensi hizo mbili. Mwenye kuchafua hushika sentensi ya pili na kusema tusubiri mpaka asilimia ijulikane. Mwanaharakati hushika ya kwanza na kusahau kwamba ya pili nayo ni kweli. Kilichofanyika mwaka 1991 ni kwamba wamiliki, serikali na mashirika ya mazingira walikaa mezani, wakakubaliana kupunguza dioksidi ya salfa ya mtambo kwa asilimia 90. Mitambo ya kusafisha moshi ilikamilika mwaka 1999. Haikuhitajika kujua kila kitu ili kuamua. Ilitosha kujua kwamba mchango upo, ni mkubwa, na unaweza kuondolewa.

Lakini mtu asidhani kwamba pazia lote liliondoka. Mwaka 1992 watafiti walirudia jaribio la kutia alama katika mtambo mwingine, wa Mohave, huko Nevada. Walikuta kwamba kwa wastani mchango wake katika korongo ni mdogo, ila katika siku fulani ni mkubwa. Na kwamba salfeti nyingi ilikuja kutoka mbali zaidi. Tume ya majimbo na mataifa ya wenyeji wa asili ya Marekani, iliyotoa ripoti mwaka 1996, ilisema wazi kwamba utusitusi wa magharibi hauna mkosaji mmoja: una miji, magari, viwanda, mioto na barabara za vumbi. Kanuni mpya ya mwaka 1999 ikaacha kumwinda mshukiwa mmoja mmoja, ikayataka majimbo yote yashirikiane kuirudisha hewa ya hifadhi katika hali ya asili ifikapo mwaka 2064. Ni ahadi ya watu waliokubali kwamba wengi wao hawataishi kuona utimizo wake.

Kuna upande wa kisa hiki ambao hotuba za mazingira hupenda kuupitia haraka, nami sitafanya hivyo. Mtambo wa Mohave ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2005. Mtambo wa Navajo ulifungwa Novemba 2019, hasa kwa sababu gesi asilia ilikuwa imekuwa nafuu kuliko makaa ya mawe, na Desemba 2020 dohani zake tatu ziliangushwa kwa baruti. Wengi wa wafanyakazi wake walikuwa Wanavajo. Mapato ya makaa ya mawe yalikuwa nguzo ya bajeti ya serikali yao, na kwa Wahopi utegemezi ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa zaidi ya miaka arobaini umeme ulipita juu ya vichwa vyao kwenda kusukuma maji ya Phoenix, huku maelfu ya nyumba za Wanavajo zikiwa hazina hata balbu moja. Makaa yalipochomwa, moshi ulikuwa wao. Yalipoachwa kuchomwa, ukosefu wa kazi nao ukawa wao. Kuutafuta mwenye moshi bila kuuliza nani atabeba gharama ya kuuzima ni kufanya nusu ya haki.

Mara nyingi huulizwa na wanafunzi kwa nini nawahangaisha na korongo la Arizona wakati tuna yetu. Nawajibu kwamba yetu yameanza kupimwa pia. Juu ya Mlima Kenya, mita 3,678 kutoka usawa wa bahari, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa na kituo cha kupima hewa tangu mwaka 1999, katika mtandao wa dunia wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Huko Rwanda, juu ya mlima Mugogo, kuna kituo kinachopima masizi na gesi. Vipimo vyake, vikilinganishwa na njia za upepo na picha za setilaiti, vimeonyesha jambo la kutufunza unyenyekevu: katika kiangazi cha Juni hadi Agosti masizi huongezeka kwa sababu ya mioto ya mbuga za kusini mwa Afrika, na katika kiangazi cha Desemba hadi Februari kwa sababu ya mioto ya upande wa kaskazini. Anayevuta pumzi kilimani Rwanda huvuta pia shamba lililochomwa katika nchi ambayo hajapata kuikanyaga.

Habari hii inaweza kutumiwa vibaya. Naogopa siku ambayo afisa ataisoma na kumkamata mkulima mwenye kibiriti, kwa kuwa ndiye aliye karibu na ndiye asiye na wakili. Wafugaji na wakulima wamechoma nyasi kwa karne nyingi, kwa sababu zao, na mbuga nyingi zimekua pamoja na moto. Swali la nani lazima liambatane na maswali mengine mawili: ni kiasi gani, na ni nani anayefaidika. Kisa cha korongo kinatuonya kwamba mchafuzi mkubwa huwa na wanasheria wa kupigania asilimia, na mchafuzi mdogo huwa na mikono mitupu.

Lakini habari hiyohiyo inaweza kutumiwa vizuri, na hapa nyumbani tumeshauona mfano. Juni 2019, miezi michache kabla mtambo wa Navajo haujafungwa, Mahakama ya Mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Lamu. Hoja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wavuvi na wazee wa Lamu waliuliza moshi huu utakuwa wa nani kabla dohani haijasimama. Arizona waliuliza baada ya dohani kusimama, na jibu liliwachukua robo karne na zaidi ya dola milioni 400. Sioni somo la utawala bora lililo wazi kuliko hilo.

Sheria zetu hazitukwamishi. Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema vivyo hivyo kwa kila anayeishi nchini. Ila haki isiyo na kipimo ni kama mlalamikaji asiye na shahidi. Vituo vya kupima hewa vingi vinavyozungumzwa katika kanda yetu ni vya mijini, na hilo ni sawa, kwa kuwa watu wengi huumia huko. Lakini kituo kilicho nyikani, mbali na barabara na majiko, kina kazi yake maalumu: kinatuambia hewa inatufikia ikiwa na nini kabla sisi hatujaongeza chochote. Bila kipimo hicho kila nchi itaendelea kusema moshi ni wa jirani, na hakuna atakayeweza kuikanusha.

Ndugu zangu mnaoandaa bajeti, najua kwamba pampu na kichujio havina sherehe ya kukata utepe. Hakuna waziri atakayesafiri kwenda kuzindua kipande cha kitambaa kinachobadilishwa kila siku ya tatu. Hata hivyo, mwaka 1987 hapakuwa na silaha nyingine iliyoweza kumfikisha mezani mmiliki wa dohani zenye urefu wa mita 236.

Siku hizi, milima yetu isipoonekana na hewa ikiwa kavu, sisemi tena kwamba imejifunika. Nauliza ni nani aliyeifunika. Mara nyingi sina jibu. Nataka wanafunzi wangu, watakapokaa kwenye viti vya kuamua, wawe nalo.